Mvinje Usiofika Begani

Mkunazini, Unguja
12 Oktoba 2024

Mwanangu Ridhwan,

Assalamu alaykum. Huku sote wazima. Kinachonisumbua mie ni sikio, na kidole kimoja cha mguu ambacho kila vuli ikikaribia hunipa khabari kabla ya mawingu. Tahiya wa ghorofa ya chini anakusalimu sana. Amefanywa makamo wa mwalimu mkuu skuli kwao na amenunua viatu vya kisigino. Akipanda ngazi hata mie kiziwi namsikia.

Ile simu yake nimemrejeshea. Nikiiweka sikioni nasikia filimbi tu, na weye ukiwa kwenye simu huna neno ila nzuri, nzuri, nzuri. Kwenye barua itakubidi ujaze karatasi. Nimekulea tangu mama yako alipofariki una miaka minne, hunishindi kwa ujanja huo.

Sasa nililolikusudia. Ule mvinje mliouchimbua Fumba weye na baba yako, ukautia kwenye beseni langu la kuoshea mchele bila ya kuniomba, upo pale pale roshani. Beseni limeliwa na kutu na mizizi imetoka chini inatafuta njia sakafuni. Uliniambia kuwa huko Norwei unafanya kazi kwa mzee anayefuga miti kwenye vyungu, ati mti una miaka sabini na mtoto anaweza kuupakata. Mwanzo nilisema huyo mzee kakosa la kufanya. Leo nataka unieleze: anaukataje mti usikue na usife? Nieleze polepole, maana nilichokata mie maisha yangu yote ni nguo za watu.

Nataka kujua tu, ili mti upendeze.

Na unakuja lini? Nshauliza, sasa nasubiri.

Shangazi yako,
Shemsa


Norwei
9 Novemba 2024

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako imekaa njiani siku ishirini na sita. Mimi mzima. Theluji imeanza Jumanne. Nakula vizuri, naswali, kofia navaa, na soksi navaa jozi mbili. Nimeyataja mapema ili usiyaulize. Mpongeze sana Tahiya, umwambie avue viatu akifika kwenye ile ngazi iliyolegea.

Nitakueleza kazi yangu kwa lugha ya fundi cherehani. Mwajiri wangu, Mzee Olav, ana miaka themanini na nne. Miti yake inaitwa sprusi, jamaa ya misonobari, majani yake mafupi na yanachoma kama sindano. Ule mkubwa wao kwa umri aliuchimbua mlimani akiwa mwanafunzi, na leo unanifika gotini pamoja na chungu chake. Chipukizi zikitoka tunazibana kwa vidole zingali laini. Matawi mazito tunayakata kabla ya baridi. Sharti ni moja: usilikate tawi ukaliacha halina kijani kabisa. Tawi la sprusi ukilivua majani yote halirudi tena. Mvinje ni mvumilivu zaidi, lakini nao uachie kitu cha kuendelea nacho.

Kuhusu chungu, ngoja mvua za masika. Utoe mti, punguza udongo wa zamani, kata mizizi theluthi moja, uuweke kwenye chungu chenye matundu na udongo mpya wenye mchanga. Mwagia maji mengi, halafu usiuguse. Baridi ikiingia huku sisi miti yetu tunaipanga chini ya kibanda, theluji inaifunika, inalala miezi mitano. Haitaki mbolea, haitaki maji, haitaki mtu.

Shangazi, nakumbuka siku niliyoondoka mti ulikuwa gotini kwako. Nikasema mbele ya Baba na majirani wote waliojaa mlangoni kuwa ukifika begani kwa Shangazi nitakuwa nimesharudi. Nilidhani ni miaka miwili ya masomo. Mwaka huu ni wa nane. Naona haya kuuliza, lakini nauliza. Umefika wapi?

Kuja, bado makaratasi yangu ya kuishi huku hayajakamilika. Mtu akitoka kabla hayajakamilika harudi. Niombee.

Mwanao,
Ridhwan


Mkunazini, Unguja
28 Disemba 2024

Mwanangu Ridhwan,

Barua yako nimeisoma roshani, mguu juu ya kigoda, na imenifurahisha mpaka nikampigia Tahiya sakafu aje asomewe. Kacheka sana kwenye soksi.

Mti umefika kifuani. Kifuani tu, basi. Hujachelewa.

Lile sharti la kijani nimelishika. Nimekata juzi kwa mkasi wangu wa vitambaa, ule ambao ulikuwa ukiugusa kukatia karatasi nakufinya. Nimeacha kijani kila tawi. Umependeza, umekuwa mnene kama paka wa sokoni. Masika ikifika nitauhamisha. Nshapata chungu cha udongo, kimetobolewa matundu matatu.

Picha sikupelekei. Tahiya alitaka kupiga, nikamwambia akipiga, ngazi zangu asizikanyage tena. Anayetaka kuuona aje auone.

Ramadhani inaingia mwanzo wa Machi. Nakwambia mapema ili usiseme hukuambiwa. Tambi utazikuta, na mkate wa kumimina nitaupika mwenyewe, si wa kununua. Hayo makaratasi yako mie siyafahamu, nayasikia tu mwaka wa ngapi huu. Siyaulizi.

Shangazi yako,
Shemsa


Norwei
6 Februari 2025

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai kidole cha mguu kimetulia sasa kiangazi. Huku jua linatoka kwa saa chache kisha linaaga, nami nimeshazoea.

Mzee Olav ameanguka bafuni mwezi uliopita. Hakuvunjika, lakini binti yake amempeleka kwenye nyumba ya wazee na hatorudi tena bustanini. Nakwenda kumtizama kila Jumapili. Siku ya kwanza alinishika mkono akaniambia ule sprusi wa miaka sabini sasa ni wangu mimi, nisiuuze wala nisiuoneshe watu. Aprili, kabla macho ya chipukizi hayajafumbuka, lazima uhamishwe chungu. Haujahamishwa miaka sita, mizizi imejaa mpaka maji hayapiti. Sijawahi kufanya peke yangu kwa mti wa umri huo. Nikikosea, utakufa mikononi mwangu na yeye yu hai.

Kwa hivyo Ramadhani sitoweza, Shangazi. Wala Idi. Baada ya kuhamishwa utataka kutizamwa kila siku, kivuli, upepo, maji kwa kipimo. Najua nimesema hivi kwa sababu nyengine mwaka jana na mwaka juzi. Safari hii ni mti.

Tambi zangu mpe Tahiya. Mkate wa kumimina usimpe mtu, ule mwenyewe.

Na naomba picha. Moja tu.

Mwanao,
Ridhwan


Norwei
4 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo. Ramadhani imepita, Idi imepita, sijapata barua. Posta nimewauliza mpaka wananijua kwa jina. Nimempigia Tahiya, akasema Bi Shemsa mzima, anakula, anafua, lakini nikitajwa mimi anaingia ndani. Nimekukosea nini?

Kama ni kwa kuwa sikuja, niambie. Nitukane, mimi mwanao.

Sprusi nimeuhamisha. Siku mbili kamili. Uko hai. Chipukizi zimeanza kutoka.

Wako nao vipi?

Ridhwan


Mkunazini, Unguja
12 Mei 2025

Mwanangu,

Hukunikosea. Barua hii anaichukua Himid wa Malindi, yule anayefanya kazi melini, anapanda ndege wiki hii kwenda kuikuta meli yake huko kwenu. Nimempa mkononi kwa sababu posta itachelewa na mie nshachelewa vya kutosha.

Sikuandika kwa sababu kila nikishika kalamu najua nitalazimika kukwambia. Mti unakufa, Ridhwan. Nimeuua mwenyewe.

Wiki ya mwisho ya Ramadhani mvua ilikuja nzuri. Nikautoa kwenye beseni kama ulivyosema. Mizizi ilikuwa imejisokota, na ndani yake nikakuta vinundu, vingi, vya rangi ya tangawizi, vimeshikana mafungu mafungu, na ukungu mweupe katikati. Nikasema subhanallah, kumbe mtoto huyu ana maradhi siku zote hizi na mie namwagia maji tu. Unanijua. Nikauchukua mpaka mferejini. Nikauosha maji matatu. Mizizi nikaisugua kwa dodoki mmoja mmoja mpaka ikawa myeupe, na vile vinundu nikavikata vyote kwa mkasi. Udongo wa zamani sikubakisha hata punje. Udongo mpya niliuchekecha kwa chekecheo la unga. Nikauweka chunguni ukiwa safi kama bibi harusi, nikafurahi, nikakaa nao mpaka adhana.

Wiki ya tatu ncha zikawa manjano. Sasa ni nusu ya mti. Nikigusa tawi vijani vinadondoka mkononi. Nimeupa mbolea ya kuku, ukazidi. Nimeupa kivuli, ukazidi. Tahiya ananiambia nikuandikie, nami naingia ndani kulia.

Si mti tu, unajua. Nyumba hii hakuna kitu chengine kinachosema kuwa utarudi. Ukifa huu hakuna tena cha kufika begani, na lile neno lako litabaki halina pa kushika. Nisamehe, mwanangu. Nilitaka uwe safi.

Shangazi yako


Norwei
17 Mei 2025

Shangazi yangu,

Barua hii nimeipiga picha nampelekea Tahiya aichapishe leo hii akuletee, maana mti hauwezi kungoja posta. Soma mpaka mwisho kabla hujalia tena.

Haujafa. Ungekuwa umekufa usingekuwa na nusu ya kijani.

Kosa ni langu. Nilikuandikia kila kitu nikasahau kukwambia usioshe. Vile vinundu si maradhi. Ndani yake mnaishi vijidudu visivyoonekana kwa macho, na hivyo ndivyo vinavyoulisha mvinje mahali pasipo na chakula, ndiyo maana unaota hata kwenye mchanga mtupu wa pwani. Na ule ukungu mweupe nao ni rafiki wa mizizi. Wewe umewafukuza wapishi wake wote kwa siku moja.

Sasa nikuchekeshe. Mwaka wangu wa kwanza hapa Mzee Olav alinipa sprusi mdogo nimhamishie chungu, akaenda zake kula. Nikaona ukungu mweupe kwenye mizizi. Nikaona uchafu. Nikaupeleka bombani nikauosha maji matatu. Aliporudi akaukuta unang'ara, akakaa kwenye ngazi, hakusema nami siku mbili. Siku ya tatu akaniuliza ni nani aliyenifunza kuosha mti. Nikamwambia ni shangazi yangu, na hakunifunza mti, alinifunza kila kitu kioshwe mara tatu. Mti ule ulikufa, lakini wako tutauponya, kwa sababu mvinje si mwoga kama sprusi.

Fanya hivi. Nenda Fumba, pale tulipouchimbua na Baba. Mivinje mikubwa ipo ufukweni bado. Fukua chini ya mmoja wao, si juu juu, kiasi cha kiganja kwenda chini, mpaka ukute vijizizi vyenye vinundu kama vile ulivyovikata. Chukua udongo huo na vijizizi vyake, ujaze karai. Usiuchekeche. Usiuoshe, Shangazi, nakupigia magoti. Tengeneza vishimo pembeni mwa mti, utie udongo huo mpaka ujae, umwagie maji. Mbolea ya kuku acha. Halafu ngoja.

Nimesoma pale uliposema hakuna kitu chengine kinachosema kuwa nitarudi. Nimeisoma mara nyingi. Nitakujibu, lakini si leo, leo tuuponye mti kwanza.

Mwanao,
Ridhwan


Mkunazini, Unguja
20 Julai 2025

Mwanangu Ridhwan,

Assalamu alaykum. Kipupwe kimeingia, nalala na shuka mbili. Tahiya amekuachia salamu na anasema ile barua yako aliichapisha tu bila ya kuisoma, asidhaniwe mdaku.

Fumba tulikwenda naye Jumapili ile ile. Watu wanajenga nyumba mpya upande ule, nilidhani nitakuta mivinje imekatwa. Haikukatwa. Nikapiga magoti mchangani na kijiko cha kupakulia wali, nikafukua, na vinundu nikaviona kwa macho yangu. Nikaviomba radhi. Karai nikalipakata mapajani njia nzima, na pale mferejini nikapita nimegeuza uso.

Wiki sita hapakuwa na kitu. Ya saba, ubavuni mwa tawi lililokauka, pakatoka kijani. Leo majani yametoka mengi siwezi kuyahesabu. Umepona.

Sasa kaa kitako nikwambie jambo ambalo Tahiya peke yake analijua, na amelijua kwa kunifumania.

Uliniuliza mti umefika wapi, nikakwambia kifuani. Ni kweli. Upo kifuani tangu mwaka elfu mbili na kumi na nane.

Mvinje hauna uvivu. Ndani ya miaka miwili tu ulishafika begani. Wakati huo baba yako nilikuwa nshamlaza chumba cha mbele, kifua kinamsumbua, na kila asubuhi akishakunywa chai anataka mlango wa roshani ufunguliwe auone. Ananiuliza, "Shemsa, umefika wapi?" Namwambia kifuani. Anasema, "Basi bado ana wakati." Siku ncha iliponigusa bega nilisimama pale na mkasi, mkono hautaki. Nikaukata kichwa. Asubuhi yake akaniuliza, nikamjibu kifuani, wala sikusema uwongo.

Ndivyo nilivyofanya mwaka ule na uliofuata. Siku yake ya mwisho hakuzungumza mengi. Aliuliza kama mti wa mtoto umemwagiwa maji, na umefika wapi. Nikamwambia. Baba yako amekufa akijua hujachelewa, Ridhwan. Hilo ndilo nililotaka ulijue, na nimelikalia miaka sita kwa kuwa sikujua niliseme vipi bila ya kukwambia kuwa umechelewa.

Nilidhani baada ya maziko nitauacha ukue. Sikuweza. Majirani walikusikia ukisema, na mie sikutaka mtu apite uchochoroni atizame juu aseme mtoto wa marehemu Mahfoudh hana kauli. Sikutaka kulisema mwenyewe. Ndipo nikakuandikia unifunze kukata vizuri, maana naona kila mwaka inanibidi nikate zaidi na zaidi, nikakhofu mti umepata wazimu. Kumbe si mti. Tahiya alinipima kwa tepu yangu mwenyewe ya nguo. Nimefupika inchi mbili. Bega ndilo linaloufuata chini.

La mwisho. Himid alikuja kunitizama mwaka juzi akanipa khabari njema kuwa makaratasi yako yalikamilika zamani, akidhani najua. Nikamwambia najua. Sikukuuliza, na leo sikuulizi. Lakini uliniandikia mwenyewe kuwa miti ya huko hulala miezi mitano, haitaki maji, haitaki mbolea, haitaki mtu. Sasa miezi mitano hiyo weye unakaa unaitizama ikilala?

Shangazi yako,
Shemsa


Norwei
24 Agosti 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mimi mzima. Sina khabari za mvua wala soksi safari hii.

Barua yako niliisoma bustanini, nikaketi chini kwenye nyasi, nikalia mpaka binti wa Mzee Olav akatoka kuniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia ulikuwepo, zamani, na nimeufikia leo.

Makaratasi nilipewa mwaka elfu mbili na ishirini na mbili. Nimekudanganya miaka mitatu. Baba alipofariki sikuweza kweli kutoka, lakini yalipokuja nikaweza, na hapo ndipo nilipoogopa. Nilijiona nikipanda ngazi, nikapita chumba cha mbele, na kitanda kitupu. Nilijua alikufa akinisubiri na nilidhani alikufa amekata tamaa nami. Nikasema bora nikae huku ambako hakuna anayejua niliahidi nini. Kila mwaka nikatafuta sababu, na mwaka huu nikapata sababu nzuri, ina miaka sabini na iko kwenye chungu.

Kumbe alikuwa akiniona nina wakati. Nimeyarudia maneno hayo kila nikiamka, "basi bado ana wakati", kwa sauti yake.

Jumapili nilimsomea Mzee Olav barua yako yote, nikiifasiri polepole. Pale kwenye kuosha mizizi alicheka hadi akakohoa. Pale kwenye mkasi akataka nirudie. Kisha akaniuliza shangazi yangu ana miaka mingapi. Nikamwambia sabini na moja. Akasema, "Na sprusi una sabini, na huenda ukaishi mia mbili. Usiniambie kuwa mti ndio wenye haraka."

Nimeshakata tiketi. Nitafika Jumamosi tarehe 13 Disemba, saa nane mchana. Miti itakuwa imelala, na binti yake atapita mara moja kwa wiki kutizama kibanda. Nitakaa mpaka mwisho wa Machi. Sikudanganyi tena, Shangazi: sprusi ikikaribia kuamka nitarudi kazini. Lakini ikilala tena, nitakuja, na mwaka wa pili yake pia, kila inapolala.

Nikija nipeleke makaburini kwanza, kabla ya chai. Nataka kumpandia mrehani.

Na nakuletea beseni.

Mwanao,
Ridhwan


Mkunazini, Unguja
26 Oktoba 2025

Mwanangu Ridhwan,

Assalamu alaykum. Kidole cha mguu kimesema mvua, na mvua imekuja. Tahiya ameirekebisha ile ngazi iliyolegea kwa ajili yako, maana kwangu mie hakuiona miaka yote.

Nimeisoma barua yako. Neno la kukujibu ni hili tu, kuwa sina hasira, na nilipokuwa nayo ilikuwa ya siku moja moja. Kila inapolala, umesema. Nimelikubali, na safari hii sitolipima kwa mti.

Mrehani usinunue, ninao mitungi miwili, umechanua. Beseni lete, liwe kubwa, la enameli, lenye maua.

Mkasi nimeurudisha kwenye vitambaa tangu siku iliponifika barua yako, na mti umejua, umekwenda juu mbio. Ijumaa baada ya swala nilimwita Tahiya. Nikasimama visigino ukutani, nimejinyoosha mpaka mgongo ukalalamika, nisije nikaambiwa nimedanganya. Akausogeza mti ubavuni kwangu, akainama akatizama. Akanishika hapa, juu ya mfupa, nione ncha ilipogusa.

Leo asubuhi nimefungua mlango wa roshani, nikaingia chumba cha mbele, nikakaa kitandani kwa baba yako upande ule aliokuwa akilalia. Nikauliza kama alivyokuwa akiuliza yeye, Shemsa, umefika wapi. Nikajibu, begani.

Shangazi yako,
Shemsa